Sera ya Utamaduni na Lugha ya Waha

Kijitabu cha Sera ya Utamaduni kilitolewa na Wizara ya Elimu na Utamaduni mwaka 1997. Ni kifupi, wala hakina maneno magumu, walakini walimu wengi wa Kasulu na Kibondo wamesikia habari zake tu, hawajakishika mikononi. Twadhani yafaa kisomwe, tena polepole, kwa kuwa maneno machache yaliyomo juu ya lugha za makabila yawahusu sana watu wa nyanda hizi za juu za Kigoma. Sisi tumekisoma tukiwa huku, mahali ambapo lugha ya kienyeji haikomi mpakani, na shabaha yetu ni kueleza tulichokiona: kijitabu ni chema, na nia yake ni njema, bali kina pengo moja, na katika nyakati za shida wako watu walioanguka katika pengo hilo.

Kwanza tuyaseme yaliyo mema. Katika fungu la lugha, Sera yakiweka Kiswahili mahali pake pa lugha ya taifa, wala hakuna mtu mwenye akili atakayebisha. Kisha yazigeukia lugha za makabila, ambazo siku hizi huitwa lugha za jamii. Yataka watu waendelee kuzitumia na kuzionea fahari. Yawahimiza watu binafsi na mashirika kuzikusanya, kuzichunguza, kuziandika na kuzihifadhi. Yataka zitungiwe kamusi na vitabu vya sarufi, na maandishi yake yachapishwe na kuenezwa. Anayekumbuka miaka iliyotangulia ataona kwamba hilo si jambo dogo. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na huku Buha viti vya Wami vikabaki ukumbusho tu, pamoja na kile cha Heru alichokikalia Mwami Theresa Ntare, mwanamke ambaye sifa zake zilivuka Malagarasi. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho iliyouliza kabila la mtu. Tangu hapo Serikali imekataa kuwahesabu watu wake kwa makabila, nasi twaisifu kwa hilo. Lakini katika hali hiyo lugha ya nyumbani ilionwa na wengi kuwa mlango wa nyuma wa ukabila, na watu waungwana walijifunza kutoitaja. Sera ya 1997 ilisema waziwazi kwamba mtu aweza kuipenda lugha ya mama yake bila kuikosea nchi. Hapo twaishukuru.

Wanaoieleza Sera hii kwa walimu huongeza kwamba lugha za makabila ni ghala, na Kiswahili ni nyumba inayolishwa na ghala hilo. Mifano yao ni ile ile: ikulu limetoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma, kitivo limetoka milima ya mashariki, na ng'atuka limetoka kwa Wazanaki, nalo likaenea nchi nzima Mwalimu Julius Nyerere alipotoka madarakani mwaka 1985. Mifano ni ya kweli, nasi twaipenda. Ila mfano wa ghala una kasoro yake. Ghala halisemi. Mtu hulifungua, huchota anachokitaka, hulifunga, na nafaka iliyobaki haina neno la kuuliza. Lugha haiko hivyo, kwa sababu ndani yake mna watu. Yawezekana kuchota neno zuri kutoka katika lugha fulani, likapewa heshima katika kamusi, hali mwenye lugha yenyewe amesimamishwa njiani akitakiwa athibitishe kwamba yeye ni mwenyeji.

Na hili ndilo pengo tulilolitaja. Sera yazungumza juu ya lugha za makabila kana kwamba kila moja imo yote ndani ya Tanzania, kama mayai ndani ya kikapu. Katika fungu lile hatukuona neno juu ya lugha ambayo nusu yake, au ndugu yake wa tumbo moja, yuko ng'ambo ya mpaka. Nazo lugha za namna hiyo si chache. Wamasai na Wakuria wako Kenya pia; Wamakonde wako Msumbiji. Huko mambo huenda kwa amani kadiri fulani, maana majirani wenyewe hawajaja wakikimbia kwa malaki, mara tatu katika maisha ya mtu mmoja. Huku kwetu wamekuja.

Ili msomaji wa mbali atuelewe, inatupasa kukaa kidogo juu ya lugha yenyewe. Wataalamu wa lugha za Kibantu, wakifuata orodha ya Malcolm Guthrie, huziweka katika kundi moja Kinyarwanda, Kirundi, Kifuliru cha Kongo, Kisubi, Kihangaza, Kiha na Kivinza. Nambari zake zafuatana, toka D61 mpaka D67, na Kiha ni D66. Hizi si nambari za ndugu wa mbali. Muha wa Kibondo na Mrundi wa Ruyigi wakikutana sokoni hawahitaji mkalimani. Hutofautiana kwa maneno fulani na kwa mwendo wa sauti, kila mmoja akamtambua mwenzake kuwa si wa kwao, kisha mazungumzo yakaendelea.

Iko kanuni moja inayoonyesha ujirani huo vizuri, nayo yaitwa kanuni ya Dahl. Edmund Dahl alikuwa mmisionari wa Kimoravia kwa Wanyamwezi, naye ndiye aliyeiona katika lugha yao. Carl Meinhof akaitia jina lake mwaka 1903. (Mara ngapi elimu ya lugha zetu imeanzia kwa mhubiri aliyetaka tu kuhubiri sawasawa!) Kanuni yasema hivi: kiambishi chenye k au t, kikifuatwa na silabi inayoanza na sauti kavu kama t, s au h, basi ile k hulainika ikawa g, na ile t ikawa d. Ndiyo maana Muha huiita lugha yake Igiha, kwa g, kwa kuwa h yafuata. Na Mrundi huiita lugha yake Ikirundi, kwa k, kwa kuwa r si sauti kavu. Kanuni ni moja, majina yamekuwa mawili. Mwaka 2012 wanamuziki wenye asili ya Kigoma, wakijiita Kigoma All Stars, walitoa wimbo ulioitwa Leka Dutigite, nao ukapigwa kila mahali nchini. Ile du ya katikati ndiyo tu yetu ya Kiswahili, imelainishwa na t inayoifuata. Maelfu ya watu wa Dar es Salaam waliitamka kanuni ya Dahl wakicheza, wala hakuna aliyewashuku.

Lakini mtoto wa Kasulu aanzapo shule huichukua kanuni hiyo akaingia nayo katika Kiswahili. Husema gitabu, husema gusoma. Mwalimu mwenye busara humsahihisha kama amsahihishavyo Mnyakyusa au Mmakonde kwa kosa lake, bila kicheko. Walakini katika mikoa mingine mtu mzima mwenye kusema gitabu hucheka pamoja na wanaomcheka, kisha husikia neno la pili: "Wewe Mrundi." Wanaosema hivyo hudhani wanafanya utani, na mara nyingi ni utani kweli, maana Watanzania wamezoea kutaniana kwa makabila, na hiyo ni desturi njema iliyozima magomvi mengi. Hata hivyo utani una masharti yake. Mtani humtania mtani mwenzake akiwa na hakika kwamba ni wa nyumbani. Akimwambia wewe si wa hapa, utani umekwisha, yameingia mashtaka. Wakikuyu wa Kenya nao wanayo kanuni hii hii ya Dahl katika lugha yao, wala hatujasikia Mkikuyu akiitwa Mrundi kwa sababu ya g yake.

Kufanana kwa lugha hakujapata kuwafanya Waha kuwa Warundi. Buha ilikuwa na falme zake, Heru, Bushingo, Muhambwe, Buyungu na nyingine, kila moja na Mwami wake, wala hazikuwa mikono ya Mwami wa Burundi. Kwa upande mwingine, mpaka wa leo si wa zamani hata kidogo. Wakati wa Wadachi nchi zote mbili zilikuwa ndani ya koloni moja. Wabelgiji waliitwaa Kigoma mwaka 1916, katika vita kuu ya kwanza, wakaishika mpaka 1921, walipoikabidhi kwa Waingereza. Urundi ikabaki kwao. Hivyo mpaka wa mataifa kati ya Kibondo na Ruyigi umetoka katika mapatano ya watu wa Ulaya baada ya vita ile, nayo lugha ilikuwa imekwisha kukaa pande zote mbili tangu enzi ambazo hakuna awezaye kuzihesabu. Mwenye kusema kwamba Kiha kimevuka mpaka anakosea mpangilio wa mambo. Mpaka ndio uliovuka Kiha.

Basi zikaja nyakati za shida. Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi, na watu wengi wakaingia Tanzania. Wengi wao walipelekwa kusini na mashariki, Katumba, Ulyankulu na baadaye Mishamo, na wengine walijikalia vijijini mwa Kigoma kwa jamaa na kwa marafiki. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na wimbi la pili likaja. Kambi zikajaa: Mtabila upande wa Kasulu, Nduta na nyingine upande wa Kibondo. Nyarugusu, ambayo nayo iko Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita vya Kivu. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Haikupita miaka mitatu, ugomvi juu ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza ukaleta wimbi la tatu. Mwezi wa Mei 2015 makumi ya maelfu walibanana katika kijiji kidogo cha Kagunga, kando ya ziwa, kipindupindu kikawashika, na meli kongwe ya Liemba ikawa ikiwachukua kwa zamu mpaka Kigoma. Nduta, iliyokuwa imefungwa, ikafunguliwa tena mwaka huo, na Mtendeli ya Kakonko mwaka uliofuata, nayo ikafungwa mwaka 2021.

Katika mawimbi yote matatu lugha ilifanya kazi ya huruma kabla shirika lolote halijafika. Mkimbizi aliyevuka usiku aliomba maji kwa maneno yake, akaeleweka. Mama aliyekuwa na utungu aliweza kueleza maumivu yake kwa mwanamke wa kijiji. Jambo hilo halikuandikwa katika hesabu za wafadhili, kwa kuwa halikugharimu fedha, lakini sisi twaliweka mbele ya mahema na mablanketi.

Na lugha ile ile iliyofanya huruma ikageuka kuwa shahidi wa mashtaka. Mwishoni mwa 1997, yaani mwaka ule ule ilipotolewa Sera ya Utamaduni, askari waliwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi vijijini nje ya kambi, huku Kigoma na sehemu za Kagera, wakawapeleka kambini. Walikuwa makumi ya maelfu. Watetezi wa haki za binadamu waliandika kwamba wamo waliokuwa wamekaa miaka mingi, na waliooana na Watanzania, nyumba zikagawanyika. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga katika Kagera, Kigoma na Geita, na makumi ya maelfu wengine wakaondoka, kwa kufukuzwa au kwa hofu. Hatupendi kuihukumu Serikali kwa haraka. Mpakani palikuwa na watu wenye silaha, wizi wa kutumia bunduki ulikuwa umewachosha wanakijiji wenyewe, na nchi yoyote ina haki ya kujua nani amo ndani yake. Lakini swali letu ni la mwalimu wa lugha: mtu asiye na hati, katika kijiji ambacho wengi hawakuwa na hati, alitambuliwaje? Aliulizwa, akajibu, na jinsi alivyojibu ikawa hati yake. Malalamiko ya Waha, kwamba husimamishwa na kuhojiwa kama wageni kwa sababu ya jina na matamshi, yamesemwa hata Bungeni. Nayo Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haikuweka kipimo hicho. Inamtaka mgeni anayeomba uraia ajue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha. Haikusema popote kwamba aliyezaliwa hapa na wazazi wa hapa hupunguza uraia wake kwa kujua Kiha.

Wachungaji wanaosoma makala haya wamekwisha kukumbuka habari ya Waamuzi, sura ya kumi na mbili. Wagileadi walivishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke Shibolethi. Aliyesema Sibolethi aliuawa, nao waliokufa walikuwa elfu arobaini na mbili. Wahubiri wengi huieleza habari hii kuwa hila ya vita, wakapita. Twaona hawajafika kwenye kiini chake. Waefraimu hawakuwa wageni. Walikuwa wana wa Yusufu, kabila la Israeli, wenye Mungu mmoja na torati moja na Wagileadi. Walitofautiana nao kwa sauti moja tu ya midomo. Kipimo cha sauti hakikumfichua Mfilisti hata mmoja. Kilichofanyika pale kivukoni ni taifa kujikata mkono wake lenyewe, likidhani linajilinda. Na tofauti ya sh na s haizidi tofauti ya k na g.

Hapa yatupasa kulijibu wazo moja ambalo halikuandikwa katika Sera waziwazi, lakini limekaa nyuma yake na nyuma ya hotuba nyingi, yaani kwamba lugha moja ndiyo iletayo umoja, na kwa hiyo kila lugha ya ziada ni ufa. Mpinzani mkubwa wa wazo hilo yuko jirani, tena alikuja kwetu mwenyewe, amebeba godoro kichwani. Burundi nzima husema Kirundi. Mhutu, Mtutsi na Mtwa wana lugha moja, methali moja, na wengi wao kanisa moja. Rwanda vivyo hivyo, na Kinyarwanda chake. Kama lugha moja ingetosha kuwaunganisha watu, nchi hizo mbili zingekuwa shule ya umoja kwa Afrika yote, na mwaka 1972, na mwaka 1993, na mwaka 1994 tusingaliyaona tuliyoyaona. Tanzania ina lugha zaidi ya 120, nayo ndiyo iliyowapokea.

Hatusemi kwamba Kiswahili hakikufanya kazi. Kimefanya kazi kubwa, ila si ile inayodhaniwa. Faida yake ya kwanza ni kwamba huku bara hakikuwa mali ya kabila lolote. Muha aliyekwenda kukata mkonge Tanga, akiwa manamba, alikutana na Mnyamwezi na Mmakonde, na kila mmoja alipoteza kitu kidogo kwa kuiacha lugha yake mlangoni, na kila mmoja akapata kilicho sawa na mwenzake. Hakuna aliyekuwa nyumbani katika Kiswahili zaidi ya mwingine. Usawa huo ndio uliowaunganisha. Kiswahili kikigeuzwa kuwa kipimo cha nani ni Mtanzania zaidi, faida hiyo hupotea, kwa maana mtoto wa mjini hukizaliwa nacho, na bibi wa Heru Juu amekisikia kanisani tu.

Tena kipimo chenyewe hakipimi. Tazama Nyarugusu. Wakongomani waliokaa pale, wengi wao Wabembe na watu wengine wa Kivu ya Kusini, walikuja na Kiswahili chao tayari. Kina ladha yake, lakini ni Kiswahili, na katika soko la kambi walisikilizana na wafanyakazi waliotoka Dar es Salaam tangu siku ya kwanza. Hao walikuwa wageni. Na maili chache kutoka pale, kijijini, alikuwako mzee wa Kiha ambaye Kiswahili chake ni cha kubabaisha, naye baba na babu yake wamezikwa katika ardhi hiyo. Huyo alikuwa mwenyeji. Mwenye kutafuta uraia katika ulimi atawabadilisha hawa wawili mahali pao.

Tukirudi kwenye Sera, twaona kwamba maneno yake mema hayakupewa miguu. Ilitaka maandishi ya lugha za makabila yaenezwe. Kanuni za utangazaji zilizofuata zikaviagiza vituo vya redio na televisheni vitumie Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine kwa idhini maalumu. Matokeo yake huku Buha ni ya ajabu kidogo. Tangu 1994 BBC ilikuwa ikitangaza kwa Kinyarwanda na Kirundi, kwa ajili ya watu waliotawanywa na vita. Mwaka 1995 Wajesuiti waliohudumia wakimbizi walianzisha Redio Kwizera huko Ngara, nayo ikasema na wakimbizi kwa lugha zao. Yote hayo yalikuwa mema na ya lazima. Lakini bibi wa Kasulu, akitaka kusikia redioni sauti iliyo karibu na ya kwake, alifungua idhaa ya wakimbizi au ya Bujumbura. Lugha ya nyumbani ikamfikia kutoka ugenini. Na hapo tena mtu akilalamika kwamba Waha huisikiliza Burundi, twamwuliza ni nani aliyewaelekeza huko.

Shuleni mambo si bora. Ziko shule, wala si za Kigoma tu, ambamo mtoto akisikiwa akisema lugha ya kwao hutundikwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwingine katika kosa hilo hilo. Twajua sababu inayotolewa: mitihani ni ya Kiswahili, na baadaye ya Kiingereza, na mtoto asipozoeshwa atabaki nyuma. Sababu ni ya kweli, dawa ndiyo mbaya. Kibao kile hakimfundishi mtoto Kiswahili. Chamfundisha kwamba maneno ya mama yake ni kosa, na kwamba kazi ya raia mwema ni kumnasa mwenzake kwa ulimi. Miaka kumi baadaye, akiulizwa kivukoni atamke neno, hatashangaa. Amekwisha kuzoezwa. Mwalimu anayejua kanuni ya Dahl aweza kumweleza mtoto kwa dakika mbili kwa nini husema gitabu, na mtoto atacheka kwa furaha ya kuijua lugha yake, akaandika kitabu. Tumeliona likifanyika, na halihitaji fedha ya mtu.

Kwa habari ya makanisa, tunayo historia ya kujivunia zaidi kuliko tunavyokumbuka. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulivuka mipaka yote, ukafika Burundi, ukafika magharibi ya Tanganyika, na wimbo wake, Tukutendereza, ni wa Kiganda mpaka leo. Waha waliuimba, Warundi waliuimba, Wahaya waliuimba, wala hapakuwa na sinodi iliyoamuru utafsiriwe ili umoja uwepo. Ndugu walisalimiana kwao kwa maneno ya nchi nyingine. Dayosisi ya Tanganyika Magharibi, ambayo makao yake ni Kasulu tangu ilipoanzishwa mwaka 1966, imelelewa katika hali hiyo. Twajua kwamba ibada nyingi siku hizi ni za Kiswahili, na kwamba katika usharika wenye watu wa mikoa mingi hakuna njia nyingine. Ila mchungaji anayemzika mzee wa Muhambwe, hali jamaa wote waliosimama kaburini ni Waha, akasema Kiswahili tupu toka mwanzo mpaka mwisho, atuambie anajilinda na nini.

Tungependa nini basi kiongezwe, kama Sera hii itaandikwa upya? Si mengi. Kwanza, itaje wazi kwamba ziko lugha za Tanzania zinazosemwa pia ng'ambo, na kwamba kuzisema si dalili ya ugeni. Sentensi moja yatosha, maadamu iwafikie maofisa wa mipakani kama inavyowafikia walimu. Wakubwa wa nchi wasione aibu juu ya ujirani huo: Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Muha ndiye Mtanzania anayeweza kufanya biashara na kupatana huko bila mkalimani. Pili, yale maneno juu ya kamusi na sarufi yapewe mtu wa kuyashika na mahali pa kufanyia kazi. Kwa sasa yamebaki himizo, na himizo lisilo na mwenyewe ni kama shamba la kijiji katika miaka ya Ujamaa. Kila mtu alilipongeza, akaenda kupalilia la kwake.

Kuhusu hilo la pili liko jambo la kuonyesha. Sarufi kubwa ya Kiha, pamoja na hadithi na orodha ya maneno, ilitoka mwaka 2004, kazi ya Lotta Harjula, mtaalamu wa Kifini. Ni kazi ya uangalifu. Sauti zimepimwa, urefu wa irabu umeonyeshwa, na viambishi vimepangwa vizuri, kiasi kwamba mwalimu wa Kiha aisomapo huiona lugha yake kama mtu anayejiona kwa mara ya kwanza katika kioo kisicho na mawimbi. Imeandikwa kwa Kiingereza, ikapigwa chapa Köln, Ujerumani, na bei yake ni ya maktaba za Ulaya. Sera ya Utamaduni ilikuwa na umri wa miaka saba kitabu hicho kilipotoka. Hadi tunapoandika haya hatujakiona katika rafu ya chuo chochote cha ualimu cha Kasulu, wala hatujamwona mwanafunzi wa Kabanga akikifungua. Kama yuko msomaji aliye na nakala, na ana radhi kuiazima, na tuanze na sura inayohusu sauti, tuifasiri kwa Kiswahili, kisha tuipeleke kwa walimu wa darasa la kwanza.